Makoti Nyuma ya Mlango

Mama Kifungo alikuwa dobi. Kila asubuhi alipanga mabeseni matatu uani: la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa, na vidole vyake viliyajua madoa yote, ya mafuta, ya wino, ya kutu. Doa likimshinda, alinuna siku nzima.

Jumanne hiyo alikuwa amenuna. Doa la kahawia kwenye koti jeupe la jirani yake lilikataa kutoka. Jirani huyo alifanya kazi katika maabara ya maji, mahali wanapopima kama maji ya bomba ni salama. Hakukosa kupita na mkoba wa chupa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Chupa.

Binti wa Mama Kifungo alikaa kizingitini, vipeperushi viwili vya vyuo vikuu mapajani. Jina la Kifungo alilipata akiwa na miaka miwili, alipomeza kifungo cha shati la mteja. Sasa alikuwa amemaliza shule na kufaulu vizuri. Alitaka kusoma kemia, ili siku moja apime maji kama Mama Chupa. Fomu ya maombi ilitakiwa Ijumaa, na ilikuwa na nafasi ya chuo kimoja tu.

Mjomba wake akaingia, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. Yeye alikuwa fundi wa mageti.

"Shikamoo, dada. Kifungo, bado unatazama picha tu? Andika hiki!" Akagonga kipeperushi kimoja kwa kidole. "Ona geti hilo! Nondo nene, maua ya shaba. Chuo chenye geti kama hilo kina mchezo?"

"Na hiki kingine, Mjomba?"

"Hicho? Geti lina kutu, bawaba imekatika. Watu wasioweza hata kupaka rangi watakufundisha nini?"

Kusema kweli, Mama Kifungo naye alilipenda lile geti la shaba. Kifungo akafungua kalamu.

"Hodi!" Mama Chupa alikuwa amefuata koti lake.

"Karibu, jirani. Lakini nisamehe, hili doa limenitoa jasho."

"Hilo ni la dawa ya maabara. Utafua mpaka uchoke, halitoki." Akaona kalamu, akaona vipeperushi, akasikia habari za geti. Akacheka. "Fundi, mtoto anakwenda kusoma kemia au kulinda geti?"

Akaipindua ndoo, akaikalia.

"Kifungo, weka kalamu chini kwanza. Kemia husomwa kwa mikono. Nenda ukaulize, kwa wiki wanafunzi wanaingia maabara mara ngapi? Kila mmoja anapima mwenyewe, au darasa zima linamwangalia mwalimu? Halafu uombe orodha ya masomo ya miaka yote."

"Ya miaka yote ya nini?" akauliza Mama Kifungo. "Si ataanza mwaka wa kwanza?"

"Mwaka wa kwanza vyuo vingi hufanana, jirani. Tofauti iko mbele. Anayetaka kupima maji atafute chuo kinachofundisha kupima, na kinachowapeleka wanafunzi wake kujifunza kazini. Tena msisahau kibali. Chuo kinaweza kuwa nacho, lakini kozi yenyewe haina. Mamlaka ya vyuo vikuu ina orodha ya kozi zilizokubaliwa. Mlione jina la kozi kwa macho yenu. Likikosekana, waajiri wanaweza kuikataa shahada."

"Miaka mitatu bure?" Sabuni ikamponyoka Mama Kifungo, ikazama kwenye beseni la kusuuzia.

"Ndiyo. Kwa hiyo nendeni wote, na msiishie ofisini."

Jumatano wakaenda kwenye chuo cha geti la shaba. Ofisa mwenye tai akawaonyesha maabara. Mashine zilimeta. Nyuma ya mlango yalining'inia makoti meupe. Mama Kifungo hawezi kupita nguo bila kuigusa. Akashika mkono wa koti moja. Mikunjo ya kiwandani ilikuwa bado imesimama.

"Haya yanavaliwa na nani, baba?"

"Wanafunzi wa mwaka wa tatu, mama."

Mama na binti wakatazamana. Kifungo akauliza kuhusu kuingia maabara.

Ofisa akarekebisha tai. "Kwa sasa mwalimu huwaonyesha. Mashine hizi zikiharibika ni hasara."

"Na kibali cha kozi ya kemia?"

"Kiko njiani."

Walipotoka, Mjomba akalipapasa geti. "Lakini kazi ya fundi huyu, dada…"

"Basi lioe!"

Alhamisi wakaenda kwenye chuo cha pili. Geti lilipiga kelele hadi Mjomba akaziba masikio. Ndani, wanafunzi walisimama wawili wawili mezani, mmoja akihesabu matone. "Kumi na saba, kumi na nane… usinisemeshe!"

Mama Kifungo akageuka kutazama nyuma ya mlango. Makoti yalikuwa na madoa ya manjano, matundu ya tindikali, mikono iliyofifia.

"Mungu wangu! Hawa hawana dobi?" Akasogea karibu. Kwenye koti la tatu aliliona doa la kahawia, lile lile la Mama Chupa.

Msichana wa matone akawaambia, "Tunaingia mara tatu kwa wiki. Mwaka wa tatu tunakwenda wiki nane kwenye mitambo ya maji. Ila nisiwadanganye, hosteli hazitoshi, na mizani nyingine ni za zamani."

Kabla ya kurudi nyumbani, wakapita kwenye ofisi ya mamlaka. Kifungo akapitisha kidole kwenye orodha. Kozi ya kemia ya chuo cha geti bovu ilikuwemo. Ya geti la shaba haikuwemo.

Siku ya Ijumaa fomu ilijazwa juu ya meza ya kupigia pasi.

Likizo ya kwanza ilipofika, Kifungo akatoa koti lake kwenye begi kwa aibu. "Mama, nisamehe. Limeingia doa."

Mama Kifungo akalifua mara mbili, maana mazoea ni mazoea. Doa halikutoka, wala yeye hakununa. Akalianika kwenye kamba ya mbele, inayotazama barabara, anapoanika kazi zake nzuri tu.

Mjomba akapita. "Dada! Siku hizi unaanika nguo chafu mbele za watu?"

"Ni safi hiyo," akajibu, akibana kibanio. "Huoni? Mwenzio ameshaanza kupima."