Mwamba Chini ya Nyasi za Baba

Jumamosi asubuhi mtaani kwetu, nje kidogo ya Sydney, huwezi kulala. Mashine moja ya kukatia nyasi ikianza kunguruma, nyingine zinafuata. Muda si mrefu mtaa mzima unanukia nyasi mbichi.

Baba yangu, Graeme, alikuwa na utaratibu wake. Alikata nyasi, akajaza toroli, akalisukuma hadi kwenye uzio wa nyuma. Ng'ambo ya uzio ni msitu wa hifadhi. Humo alimwaga kila kitu: nyasi, matawi, hata maua ya Mama yaliyonyauka.

"Kwani pipa la taka za bustani limetoboka?" Mama alimwuliza mara nyingi.

"Lorraine, hizi ni nyasi, si plastiki. Zimetoka ardhini, zinarudi ardhini. Msitu utanishukuru."

Lundo likakua mwaka hadi mwaka. Maua ya bustani yakaota mizizi humo, yakaenea mteremkoni.

Jumamosi moja nilikuwa naanika nguo. Nikamwona Shangazi Noeline akija polepole kule msituni, akiegemea fimbo yake. Mtaa mzima tunamwita Shangazi, kwa heshima. Yeye ni wa Wadharug, wenye nchi hii tangu kabla ya kuwapo Sydney.

"Shikamoo, Shangazi. Umepoteza kitu?"

"Marahaba, Tegan. Natafuta kangaruu." Akaniangalia usoni, akacheka. "Si wa kurukaruka. Wa kuchongwa. Wazee wetu walimchonga kwenye mwamba bapa, zamani sana. Baba alikuwa akituleta kumwona, mimi na dada yangu Dulcie."

Kisha akaacha kucheka.

"Dulcie anakuja Jumapili ya wiki ijayo kutoka mji wa Dubbo, mbali kule bara. Moyo wake umechoka. Daktari amesema hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Ameomba kitu kimoja tu, amwone yule kangaruu. Nami nimezunguka mpaka miguu inauma, simpati. Nakumbuka alikuwa karibu na mti uliopasuliwa na radi."

Baba alikuwa amefika na toroli lake. Sote watatu tukautazama ule mti. Ulikuwa umesimama pembeni mwa lundo.

"Shangazi," Baba alisema, na masikio yake yakawa mekundu, "nadhani kangaruu wako yuko chini ya nyasi zangu."

Shangazi Noeline aligusa ukingo wa lundo kwa ncha ya fimbo yake. Hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba.

"Naenda kumwita Marnie," alisema. Marnie ni mpwa wake, kazi yake ni kutunza sehemu za kale za Wadharug. "Usiguse kitu, Graeme."

Lakini Baba hawezi kukaa tu na aibu yake. Shangazi alipopotea machoni, Baba alileta sepetu, brashi ya waya, na ile mashine yake ya kuoshea gari, inayorusha maji kwa nguvu.

"Baba, si amesema usiguse?"

"Amezoea watu wanaoacha kazi nusu. Akirudi atakuta mwamba unang'aa kama sahani."

Akaanza kuchimba. Punde sepetu liligonga jiwe. Akafagia kwa mkono, jiwe la kijivu likaonekana. Akavuta mpira wa maji.

"Tegan, fungua bomba."

Mimi si mtu wa kubishana. Hata dukani nikipewa kitu kibovu narudi nacho nyumbani. Lakini nilisimama mbele ya bomba na mkono haukwenda.

"Sifungui, Baba."

Alinigeukia kama mtu aliyesikia paka akiongea.

"Zile ngazi za mawe mbele ya nyumba," nikasema. "Ulipoziosha na mashine hiyo, kesho yake Mama alifagia mchanga. Ule mchanga ulikuwa jiwe lenyewe. Na hili ni jiwe lilelile."

Baba alilitazama jiwe. Kisha akauweka mpira chini, taratibu.

Ndivyo Marnie alivyotukuta, Shangazi akimfuata nyuma. Aliiangalia mashine, akaiangalia brashi, akavuta pumzi.

"Mwamba bado mkavu. Nani amekuzuia kufungua maji, bosi?"

Baba akaninyooshea kidole.

"Basi mnunulie aiskrimu. Jiwe hili ni laini. Ungelipiga maji, ungefuta kazi ya wazee wangu kabla ya chakula cha mchana."

Halafu akapiga magoti. Pale sepetu lilipogonga palikuwa na mkwaruzo mweupe.

"Limemkata kangaruu?" Shangazi Noeline aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, Shangazi. Mpaka tuondoe lundo lote," Marnie alijibu.

Mchana huo Baba aligeuzageuza soseji sahanini, hakuila.

Wiki nzima tulifanya kazi kila jioni, na Marnie akituelekeza. Hakuna sepetu, hakuna viatu juu ya mwamba. Tulivaa glavu, tukatoa nyasi kwa mikono, tukazitia kwenye magunia. Mara tukakuta mjusi mnene. Alitutolea ulimi wake wa buluu, na nyuma yake walikuwa wanawe.

"Hana sumu," Marnie alisema. "Anatufukuza tu, naye ana haki, nyumba ni yake. Tuanze upande wa pili. Atahama mwenyewe."

"Kumbe lundo lina faida," Baba alisema.

"Huyo angeishi vizuri tu chini ya magogo, bosi. Sikiliza. Udongo wa msitu huu ni maskini, na mimea yake imezoea umaskini huo. Nyasi zako zina mbolea. Zikioza, magugu yanashiba, mimea ya hapa inakufa. Mbegu za bustani nazo zinaingia. Na nyasi hizo zikikauka, moto ukija zinaupeleka hadi mlangoni kwako."

"Na mimi nilingoja shukrani," Baba alisema.

Ijumaa tulifika kwenye mkwaruzo. Marnie alipangusa kwa brashi laini ya manyoya. Mstari wa mkia ukatokea. Mkwaruzo ulikuwa kando yake, umeukosa kwa upana wa kiganja.

"Hajaguswa," Marnie alisema.

Shangazi Noeline alimshika Baba begani. Baba aliinamisha kichwa, akapenga kamasi kwa kelele.

Kesho yake nyasi zetu ziliingia kwenye pipa. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa akisukuma toroli lake kuelekea msituni. Baba akamfuata mbio na kumwonyesha mwamba. Yule naye akageuza toroli.

Jumapili tulimkalisha Bibi Dulcie kwenye kiti kando ya mwamba. Ilikuwa asubuhi na mapema, jua likiwa chini. Alitazama sana.

"Simwoni, Noeline. Naona jiwe tu."

Baba alisimama nyuma yake, kofia mkononi, rangi imemtoka.

Marnie akamwangalia Baba. "Bosi, sogea. Unauzibia mwamba jua."

Baba akapiga hatua pembeni. Mwanga ukalala juu ya mwamba, kivuli kikaingia kwenye mistari. Masikio yakatokea, kisha mgongo, kisha mkia mrefu mpaka mwisho.

Bibi Dulcie alinyoosha kidole, akaufuata mgongo hewani bila kugusa jiwe.

"Amekonda," alisema. "Au ni mimi nilikuwa mdogo."

Shangazi Noeline alicheka mpaka akafuta machozi. Baba alikaa chini palepale kwenye majani, akapumua.