Milima ya Kwenye Pazia

Kila siku baada ya shule, Kasuku alipitia studio ya picha ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alifagia sakafu, akapangusa vumbi kwenye viti vya wateja, kisha akavuta kamba kuhakikisha kwamba mapazia matatu ya kupigia picha yanapanda na kushuka bila kukwama. Pazia la kwanza lilichorwa sebule yenye makochi mekundu. La pili lilikuwa na bustani ya maua. La tatu, ambalo wateja walilipenda kuliko yote, lilikuwa na milima: kilele cheupe, maporomoko ya maji yakianguka kutoka kileleni, na chini yake minazi iliyojipanga kama askari wa gwaride.

Kasuku halikuwa jina alilopewa na wazazi. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu alikuwa mwepesi wa kukariri na mwepesi zaidi wa kusema. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na hotuba ya kumshinda ilikuwa haijaandikwa.

Asubuhi moja mwalimu wa jiografia aliingia darasani na tangazo.

"Wiki ijayo tutapata wageni kutoka shule moja ya nyanda za juu. Msemaji wetu atalinganisha sura ya nchi ya huko na ya hapa kwetu: milima, mito, mimea na hali ya hewa. Namtaka mtu aliyefika huko mwenyewe. Kama hayupo, tutatafuta wa kumuuliza."

Wanafunzi walitazamana. Mji wao ulikuwa katikati ya tambarare, na wengi wao hawakuwahi kupanda kilima chochote kinachostahili jina hilo. Kasuku aliona nafasi ya kusimama mbele ya shule mbili ikimponyoka. Akainua mkono.

"Mimi nimefika, Mwalimu. Likizo ya mwaka jana."

"Ulikaa muda gani?"

"Wiki nzima."

"Vizuri. Andika ulichokiona, na usitie chumvi."

Wakati wa mapumziko, jirani yake wa dawati, mvulana aliyeitwa Kobe kwa sababu hakuna jambo alilolifanya kwa haraka, alimfuata uwanjani.

"Likizo ya mwaka jana si tulishinda pamoja kila siku? Hiyo wiki uliipata wapi?"

"Kobe, mengine hayakuhusu. Milima ninayo mwenyewe. Naivuta kwa kamba kila siku."

"Muulize basi mama yangu. Alisomea uuguzi huko."

"Mpaka wewe ufike kumwita, wageni watakuwa wamesharudi kwao."

Kasuku aliandika hotuba yake akiwa amekaa mbele ya pazia. Ilipendeza. Aliikariri yote kwa siku mbili.

Wageni walifika kwa basi alasiri, siku moja kabla ya mkutano. Kila mwanafunzi alipewa mgeni mmoja wa kulala kwao. Kasuku alipewa msichana ambaye wenzake walimwita Mrefu, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Wakiwa njiani kwenda nyumbani, walipitia studio.

"Karibu, mwanangu," shangazi alimwambia mgeni. "Nitakupiga picha ya kumbukumbu. Chagua pazia."

Kasuku hakumsubiri achague. Aliteremsha pazia la tatu. "Hapo utajiona uko kwenu."

Mrefu alilitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Hapa ni wapi?"

"Kwenu. Nyanda za juu."

Mrefu alicheka, lakini bila dharau. "Kwetu hakuna mnazi hata mmoja. Baridi ingeuua. Wala kilele si cheupe hivyo. Ni majani tu asubuhi ndiyo huganda umande, na jua likipanda yanalowa. Na haya maji yanatoka wapi? Juu ya kilele si mawingu matupu? Maporomoko ya kwetu yako chini zaidi, mto unapofika ukingo wa jabali."

Shangazi alicheka mpaka akaweka kamera mezani. "Usinilaumu, mwanangu. Sijawahi kufika huko. Mteja mmoja alitaka maporomoko, mwingine minazi, wa tatu theluji. Nikawawekea vyote. Nilichora kinachouzika, si kilichopo."

Kasuku peke yake hakucheka. Minazi ilikuwa kwenye sentensi ya pili ya hotuba yake.

Jioni, wakila, Mrefu aligeuka kwake. "Tumeambiwa msemaji wenu alifika kwetu. Ni wewe, siyo? Ulifikia sehemu gani?"

"Karibu na mlima," alijibu Kasuku.

"Kwetu kila mahali ni karibu na mlima."

Mama, aliyekuwa akigawa chakula, alimtazama binti yake. Kasuku aliinamia sahani yake.

Aliona njia rahisi. Angeweza kumuuliza Mrefu kila kitu, akafuta minazi na theluji, na kesho hotuba ingekuwa sahihi neno kwa neno. Lakini ile wiki ingebaki. Wiki ile ingedai nyumba aliyofikia, mwenyeji aliyempokea na basi alilopanda, na kila kimoja kingekuwa uongo mpya. Mama alijua. Kobe alijua. Kesho nusu ya ukumbi ingekuwa watu wa huko huko.

Asubuhi alimkuta mwalimu wake mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, sikufika nyanda za juu. Niliandika kutoka kwenye pazia la studio."

Mwalimu aliweka vitabu vyake chini. "Kwa nini unaniambia leo, si wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita sikujua kwamba nimekosea."

"Hapana. Ulijua kwamba hujafika."

Kasuku alitazama viatu vyake. "Ni kweli, Mwalimu. Nilijua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nyanda za juu zitaelezwa na aliyezaliwa huko. Nitamwomba mgeni wako. Wewe utaeleza kwetu."

"Kwetu kuna nini, Mwalimu? Ni tambarare tu."

"Mkutano ni saa nane mchana. Nenda ukatazame. Mchukue mgeni wako akuonyeshe."

Walikwenda watatu, Kasuku, Mrefu na Kobe, mpaka ukingo wa mto nje ya mji. Mrefu alisimama kabla hawajafika majini.

"Mbingu kubwa hivi," alisema. "Kwetu ukisimama uani unaona mlima wa ng'ambo, basi. Jua lenyewe huchelewa kutokea. Hapa macho hayagongi kitu."

Kasuku alitazama upande alioutazama mgeni wake. Nyasi za manjano zilikwenda mbali mpaka zikaonekana za buluu. Miti ilisimama mmoja mmoja, matawi yakiwa yametanda kwa upana. Alikuwa ameipita miti hiyo mara nyingi bila kuigeukia.

"Mto huu unatoka kwenu," Kobe alimwambia Mrefu polepole. "Niliufuata kwenye ramani ya darasani."

Mrefu aliyatazama maji mapana, mazito, ya rangi ya udongo. "Ndio huu? Kwetu nauruka bila kulowa viatu. Na unahesabu kokoto chini."

"Huu ukiuruka utaangukia kwa samaki," alisema Kobe.

Mrefu alichota tope, akalifinya. "Jeusi kama la shamba letu. Kumbe udongo wetu mnao ninyi."

Kasuku alianza kuuliza. Aliuliza njia nzima ya kurudi.

Saa nane wasichana wawili walisimama pamoja mbele ya shule mbili. Mrefu alieleza mabonde membamba, misitu yenye ukungu na kijito cha maji maangavu. Kasuku alieleza upeo usiozuiwa na kitu, nyasi, joto, na mto ule ule ukiwa umepanuka na kubeba udongo wa milimani. Kisha mvulana mmoja wa upande wa wageni akainua mkono.

"Kwa nini mto wenu umejipinda hivyo, na kwetu unateremka moja kwa moja?"

Majibu matatu yalimjia Kasuku ulimini, yote yakisikika vizuri. Akayameza.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa jiografia alisimama, akaeleza kwamba kwenye mteremko mkali maji hukimbia na kuchimba kwenda chini. Yakifika tambarare hupunguza mwendo, hula ukingo mmoja na kutua udongo kwenye ukingo wa pili, na hivyo mto huzidi kupinda. Akamtaka Kasuku abaki palepale alipo.

"Muhula ujao ni zamu yetu kupanda huko, na kila mmoja atajionea mwenyewe," alisema. "Kwa leo shikeni hili. Njia ya mwongo ni fupi, na kabla ya mkutano huu mwenzenu aligeuka mwenyewe bila kukamatwa na mtu. Asiyejua na akasema hajui, hufundishwa. Anayebuni hubaki na ubunifu wake. Mimi niliyemsikia akisema 'sijui' nina sababu ya kuyaamini yote mengine aliyowaambia."