Hofu Nne za Mlima Kasyeto

Uvumi wenyewe Subilaga aliusikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga: eti wanasayansi wa mlimani hawazungumzi tena, kuna kidude kinachowasemea. Alicheka na wenzake, akabeba unga wake, akaondoka. Lakini lile neno lilimganda, kwa sababu mmoja wa wanasayansi hao alikuwa Atupele, binti yake.

Jumapili binti alipokuja, akamuuliza.

"Mama nawe! Hakitusemei. Kinatupatanisha."

Akakitoa Kipatanishi mkobani, tufe la kioo lenye ukubwa wa boga dogo. Nyuso arobaini zikajaa ukutani, za watu wa nchi arobaini, wote wa Chama cha Wataalamu wa Volkeno. Kila mmoja aliongea lugha ya kwao, wote kwa pamoja. Kipatanishi kikawasikiliza, kikapima maoni, kikatoa kauli moja ndani ya dakika sita.

Zamani chama kilikuwa na desturi ya kurudisha neno. Kabla ya uamuzi, mwanachama alisimama akaeleza hofu ya mwenzake wa nchi nyingine, mpaka mwenye hofu aseme, "Ndivyo."

"Siku tatu kwa uamuzi mmoja, mama! Watu wazima tunarudiana maneno kama kasuku."

Alhamisi Atupele angeshuka kwenye shimo lililochimbwa na fuko-chuma, roboti linalotafuta joto la mlima ili wilaya nzima ipate umeme.

"Migomba ya chini kule chemchemi inanyauka," Subilaga alisema. "Na kuku wa Mama Lusajo wamekufa, hawana hata jeraha. Usishuke."

"Kuku wa Mama Lusajo hufa kila mwaka."

"Mwanangu, sicheki."

Atupele naye akaacha kucheka. Akakieleza Kipatanishi habari ya kuku na migomba na katazo la mama yake, mwenyewe akisikia. Kikajibu kwa sauti ya upole: "Hofu imepokelewa. Ni ya mjumbe mmoja kati ya arobaini. Kazi iendelee."

"Umeona, mama? Imepokelewa."

Alhamisi saa nne asubuhi hewa nzito ilipanda kutoka chini ya shimo, haina rangi wala harufu. Mafundi wawili waliokuwa juu kidogo walivutwa wakatoka. Atupele hakutoka.

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja mgeni, Ketut, mtaalamu kutoka Indonesia. Hakuja na Kipatanishi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, alichofundishwa na Atupele mwenyewe.

"Mama, nimesikiliza sauti zetu zote zilizorekodiwa, moja moja," alisema. "Kwenye picha za mlima huu, mwenzetu wa Iceland aliona mapovu kwenye ziwa la kreta. Wa Chile alitaja mchwa waliokufa mdomoni mwa shimo. Mimi nilitaja ndege waliokufa. Atupele, kuku. Wanne tulisema habari ya hewa ile ile. Mashine ikaandika hofu nne ndogo, kila moja ya mtu mmoja."

"Na nyinyi hamkusikiana?"

"Tuliambiwa tumekubaliana. Mimi nikaenda kunywa chai."

Ketut akasimama.

"Nataka kurudisha neno lako, mama. Ulisema migomba inanyauka. Kuku wamekufa bila jeraha. Ulimwambia asishuke."

Subilaga akatikisa kichwa. "Hujamaliza. Nilimwambia sicheki."

"Ulimwambia hucheki."

"Ndivyo," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Kisha aliomba karatasi. Alichoandika kimebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa chama:

Msiiachie mashine iwaambie mwenzenu kasema nini, na mwenyewe yupo.

Msihesabu wangapi wanaogopa kabla hamjauliza wanaogopa nini.

Msimwambie mtu "imepokelewa" kama hamjamjibu.

Msishuke shimoni kabla ya kumsikia aliyekataa.

Msione siku tatu ni nyingi.

Msicheke kuku wa jirani.