Mguu wa Kushoto wa Bingwa

Soli ya kiatu cha Abbasi Limbu ilibanduka Jumatatu saa nne asubuhi, katikati ya mtaa wa Kanyenye, Tabora, mbele za watu. Mji ulikuwa umefurika. Wauza asali walikuwa wamepanga madumu mpaka barabarani, bodaboda zilipita zikipiga honi, na wanawake waliokuwa wakichagua vitenge hawakumpisha mtu. Abbasi alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata, shati jeupe, na kiatu cha kulia kilichofungua mdomo kila alipopiga hatua.

Akaingia duka la kwanza lililonuka ngozi. Juu ya mlango paliandikwa: MURTADHA HUMAIDI NA WANAWE, MAFUNDI VIATU. Ndani hakumwona mwana wa kiume hata mmoja. Alimwona mzee wa kanzu aliyekuwa akisikiliza redio, mikono ameificha mapajani, na mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, baibui jeusi, mikono ya baibui imekunjwa hadi viwikoni, mtandio wa zambarau, shazia, sindano nene ya kushonea ngozi, ameibana kwa meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mpe binti kiatu."

Yule binti, Manal, alikipokea bila kumtazama mwenye kiatu. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye soli.

"Wewe ulikuwa bondia," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Kiatu. Hapa chini ya dole gumba pamelika duara. Mcheza mpira hali kiatu hivi, wala mkulima. Hivi anakula mtu aliyezoea kujisokota kwenye mguu mmoja kabla ya kurusha mkono."

Abbasi akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Kweli alipigana miaka tisa, mpaka jicho moja likakataa. Sasa alitangaza habari za ndondi kwenye redio ya mjini, Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, na watu walimsikiliza kwa ajili ya jambo moja: utabiri.

"Na sauti naijua," Manal aliendelea. "Wewe ndiye Abbasi wa redioni. Umekosea mara tatu mfululizo."

"Mara mbili. Ile ya tatu waamuzi walinidhulumu."

"Walimdhulumu bondia. Wewe ulikuwa umekalia kiti."

Mzee Murtadha alicheka mpaka akakohoa.

"Kitakuwa tayari lini?" Abbasi aliuliza.

"Keshokutwa. Acha namba."

"Ya kiatu au ya mwenyewe?"

"Kiatu hakina simu," Manal alisema, na hapo ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho makubwa yenye wanja. Abbasi alitoka pale na kiatu kimoja na ndara ya kuazima, na hakuona aibu hata kidogo.

Keshokutwa hiyo ilizaa nyingine. Kiatu kilipopona, Abbasi alileta mkanda. Mkanda ulipopona, alileta begi la rafiki yake. Baada ya sala ya isha simu ya Manal ililia.

"Fundi wangu umekula?"

"Nimekula. Na wewe acha kukata mishipi makusudi. Huu wa leo umekatwa kwa kisu."

"Umejuaje?"

"Habibi, mimi nafanya kazi gani?"

Lile neno habibi lilimkosesha usingizi wiki nzima.

Kidogo kidogo Manal alimwambia mambo yake. Babu wa babu yake aliwashonea ndara za ngozi ya ng'ombe wapagazi waliotembea kutoka Tabora kwenda Ujiji, na kazi ikashuka kwa wanaume mpaka kwa baba yake. Kaka zake wawili walikwenda Muscat, hawakurudi. Miaka minne iliyopita mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Tangu siku hiyo hakushika shazia.

"Kila kiatu kinachotoka hapa nimeshona mimi," Manal alisema. "Mteja akivaa, anamwambia baba: mzee, mkono wako haujazeeka. Baba anajibu ahsante. Mimi nipo hapo hapo, nakata uzi."

"Kwa nini usiseme?"

"Ndiyo nakwambia wewe."

Wakati huo dunia nzima ya ndondi ilikuwa inangoja pambano moja. Kolarov, bingwa wa uzito wa juu, mtu wa urefu wa mlango, ambaye hakuwahi kushindwa, angetetea mkanda wake huko Australia. Mpinzani wake alikuwa Sefo, mtu mfupi mnene kutoka visiwa vya Pasifiki, ambaye kila mtu aliona anapelekwa kuchinjwa. Kwa saa za Tabora pambano lingeanza Jumapili saa nane mchana. Abbasi alimtumia Manal video ya mazoezi ya Kolarov, ili naye aone jinsi mlima unavyotembea.

Simu ililia baada ya dakika kumi.

"Mtu wako anaumwa mguu wa kushoto."

"Yupi?"

"Huyo mkubwa. Tazama kiatu chake cha kushoto. Kimefungwa kamba kuruka tundu mbili za juu, halafu ndani kuna bandeji, ndiyo maana ulimi wa kiatu umekaa upande. Na soli imelika nje tu. Haukanyagii ule mguu, anaugusisha tu. Mimi ngumi sijui, Abbasi. Miguu najua."

Abbasi alirudia ile video mara sita. Yeye ngumi alizijua. Konde la kulia la Kolarov ndilo lililowalaza watu wote, na konde la kulia halina nguvu mpaka uzito wa mwili uangukie mguu wa kushoto.

"Mwanamke wewe," alisema taratibu kwenye simu. "Unajua umeona nini? Raundi za mwanzo atavumilia. Zikipita sita, mguu utamkana."

"Basi Sefo atashinda?"

"Sefo atashinda."

Wakacheka wote wawili kama watu waliookota kitu njiani.

Alhamisi jioni Abbasi alikaa mbele ya kipaza sauti. Alitaka kumtaja Manal, jina lilishafika mdomoni. Kisha akawaza: binti wa Mzee Murtadha, jina lake litajwe redioni na mwanamume asiye ndugu yake, kesho mji mzima uulize wanajuana vipi? Akaona stara ni kunyamaza. Hiyo ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba alipoanza kusema, maneno yalimnogea.

"Mimi Abbasi Limbu," alisema, "kwa jicho langu hili moja, nimeona wasichokiona wenye mawili. Tazameni kiatu cha kushoto cha bingwa." Akaeleza yote, kamba, bandeji na soli, neno kwa neno.

Alipompigia Manal, simu haikupokelewa. Asubuhi alikwenda dukani mbio. Manal alikuwa amevaa baibui lile lile jeusi na mtandio mweusi, na hakuacha kushona.

"Mkanda wako uko tayari. Upo pale."

"Manal, nilikuwa nalinda heshima yako."

"Ulisema 'kwa jicho langu'. Heshima yangu iko kwenye jicho lako?"

Abbasi alivuta kigoda akae, Manal akakirudisha kwa mguu.

"Viatu vyangu ni vya baba," Manal alisema, sauti ikiwa chini kuliko kawaida. "Sasa na maneno yangu ni ya kwako. Niambie, Abbasi, changu mimi ni kipi? Nilidhani wewe peke yako unajua. Na wewe ndiye uliyechukua. Chukua mkanda uende."

Akaenda.

Siku ile mji ulimcheka. Wauza asali walimwita Abbasi Kiatu. Picha za kupima uzito zilitoka, na Kolarov alisimama pale kama gogo la mninga, Sefo akamfika kifuani. Godbless, mkuu wake pale redioni, alimwambia waziwazi, "Kesho asubuhi badilisha utabiri. Sema ulikuwa unatania. Ukikosea mara ya nne natafuta mtu mwingine."

Abbasi alitoka. Alirudi dukani alasiri, akakaa mbele ya Mzee Murtadha. Manal alikuwa nyuma, nyundo ikigonga msumari.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba ruhusa. Yale niliyosema Alhamisi aliyaona binti yako. Nilimwibia. Kesho nataka kusema hivyo hewani, kwa jina lake."

Mzee alizima redio yake. "Na yule mkubwa akishinda? Mji utamcheka binti yangu."

"Watanicheka mimi niliyemwamini. Nimeshazoea."

Mzee alitazama mikono yake inayotetemeka. Alipofungua kinywa alizungumza kwa sauti ya mtu anayetua mzigo mzito.

"Mimi nimepokea sifa zake miaka minne. Wewe umepokea siku moja, umeshindwa kulala. Sina ruhusa ya kukupa, mwanangu. Muulize mwenye jina."

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Manal alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, macho yameloa, ila kidevu kiko juu.

"Taja," alisema. "Taja lote. Manal binti Murtadha. Na usisimulie wewe. Nipigie simu hewani, nitasema mwenyewe."

Jumamosi saa tatu asubuhi Tabora yote ilikuwa redioni. "Alhamisi nilidanganya," Abbasi alianza. "Utabiri ni ule ule. Mwenye utabiri siye mimi. Ni fundi Manal binti Murtadha wa Kanyenye, ambaye kwa miaka minne ndiye anayeshona viatu mnavyovisifia. Yuko kwenye simu."

Kupitia kioo alimwona Godbless ameshika kichwa.

Manal alieleza kwa dakika tano, kwa ufupi kama mtu anayepima ngozi. Kisha simu za wasikilizaji zikafunguliwa.

"Mwangaluka," alisalimia mzee mmoja kutoka Choma. "Mama, mimi nafuga ng'ombe. Kwani ng'ombe akichechemea huwa hapigi teke?"

"Anapiga, baba. Mara moja. Ya pili anaanguka."

"Haya. Nitatazama. Akishinda mtu wenu nakuletea ngozi."

Jumapili runinga ilitolewa nje ya duka, ikawekwa juu ya meza ya kukatia ngozi. Mtaa ulijaa. Mzee Murtadha alikaa mbele kabisa. Manal alivaa baibui lenye nakshi ya dhahabu mikononi na mtandio wake wa zambarau, akasimama mlangoni. Abbasi alisimama hatua mbili kutoka kwake.

Raundi tatu za kwanza Sefo alipigwa. Ya nne akapasuka nyusi. "Abbasi Kiatu," mtu aliita kutoka nyuma, "tuletee na utabiri wa mvua." Watu wakacheka. Manal hakucheka, wala hakutazama ngumi. Alitazama chini ya runinga, miguuni.

"Bado," alisema.

Raundi ya sita Kolarov alianza kugeuka kwa kuruka badala ya kuzunguka. Raundi ya saba aliburuta mguu wa kushoto.

"Sasa," Manal alisema.

Kicheko kilikuwa kimekwisha mtaani. Raundi ya nane Sefo alizunguka upande ule mbovu, mara moja, mara mbili. Kolarov akarusha lile konde la kulia, uzito wote ukashuka juu ya mguu wa kushoto, na mguu ukakunjika. Konde likapita hewani. Sefo, kutoka chini, alimpiga moja ya kidevu. Mlima ukaanguka kifudifudi.

Mwamuzi alihesabu, na Kanyenye nzima ikahesabu naye. Ilipofika kumi, mtaa ulilipuka. Vigelegele vilitoka dukani kwa vitenge, bodaboda zikapiga honi, na kelele zilizobaki masikioni mwa Abbasi zilikuwa neno moja tu. Hawakuita Sefo, hawakuita Abbasi. Waliita, "Fundi Manal." Mwanamke mmoja alivua viatu vyake pale pale akaviinua juu: "Hivi kanishonea yeye, nilikuwa sijui."

Mzee Murtadha alisimama, akamshika binti yake mkono mbele ya wote. "Kesho mchora mabango aje," alisema. "Ule ubao una uongo."

Manal alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akacheka, akamwona Abbasi bado amesimama hatua mbili zile zile.

"Mbona husogei? Umeshinda."

"Umeshinda wewe. Mimi nina pambano langu jingine, naomba utabiri." "Kuna bondia wa zamani, kwao Lusu, ana jicho moja zuri, anataka kuleta posa hapa. Atashinda?"

Manal alikunja mikono. Alishusha macho mpaka kwenye viatu vyake, akavitazama taratibu, cha kulia, cha kushoto.

"Visigino vimekaa chini vyote viwili," alisema. "Huyu hana nia ya kukimbia."

"Kwa hiyo?"

"Lete wazee wako Ijumaa." Akageuka kuingia dukani, kisha akamtazama juu ya bega. "Waje wamevaa viatu. Nitakuwa mlangoni, nawatazama wanavyoingia."