Shati Ambalo Dobi Hakulifua

Ekseli ilikatika saa nne asubuhi, gari likishuka ukingo wa mto mkavu. Likaserereka, likapiga pua mchangani kwa kishindo. Dereva alichanika paja. Mtungi wa maji ulipasuka, na mchanga ukayanywa yote kabla mtu hajasema lolote. Redio ya mawasiliano ikakoroma mara moja, ikazimika.

Abiria walikuwa wawili: dobi mstaafu na binti yake, aliyemlipia baba likizo katika hoteli ile ile ya mbugani alikofua mashuka miaka thelathini. Miaka yote hiyo dobi hakuvuka ua wa seng'enge. Ndovu aliwajua kwa vumbi jekundu la nguo za wageni tu. Mkewe, aliyepiga pasi upande wake wa kulia, alizoea kunusa shati la mgeni na kusema, "Huyu leo kamwona ndovu. Na sisi, mume wangu, zamu yetu lini?"

"Tukistaafu," alimjibu kila mara. Kifo hakikusubiri.

Binti alilifunga jeraha kwa mtandio wake.

"Kaza, dada, usinionee huruma," dereva akasema, meno yameumana. "Watatutafuta tusiporudi jioni. Kutuona ni kesho, Mungu akipenda."

Walilala wamejikunyata garini. Kulipokucha midomo ilikuwa imepasuka, na dereva alikuwa akitetemeka kwa homa.

"Mzee," akanong'ona, "nyayo zile pana kama sinia, zifuate. Ndovu huchimba maji."

Hatua mia mbili mbele walikuta shimo. Ndani, tope tupu.

"Hili hata nguruwe angelikataa," binti akasema, machozi yakimlenga.

"Nguruwe hakusomea udobi. Lete kitambaa cha meza na kikombe, vimo garini kwenye kapu la chakula."

Akakididimiza kitambaa cheupe topeni, akangoja kinywe, kisha akakisokota kwa mikono iliyokwisha kamua mashuka ya umri mzima. Tone. Tone jingine. Kikombe kikajaa maji ya rangi ya chai.

"Ya dereva kwanza," akasema.

Walikuwa wamemnywesha dereva na kulowesha koo zao, kitambaa wamekianika juu ya paa la gari, ndovu walipotokea. Saba, na mama yao mbele. Binti akanyakua spana apige bati la gari awafukuze.

"Acha, mwanangu. Kisima ni chao. Wezi ni sisi."

Mama ndovu akasogea hadi wakamsikia akipumua. Akazoa vumbi kwa mkonga, akajirushia mgongoni. Jingine likamwangukia dobi kifuani. Miaka thelathini! Mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe kumshika mtu, ukaambulia hewa.

"Umemwona?" akauliza taratibu.

"Nimemwona, baba," binti akajibu. Kisha akautazama ule mkono.

Adhuhuri waliokuwa wakiwatafuta walikiona kitambaa cheupe kutoka kilimani. Dereva alibebwa akiwa hai, akitania kwamba maji ya dobi yana ladha ya soksi.

Nyumbani, binti alijaza beseni, akatia sabuni.

"Lete hilo shati, baba, limekuwa jekundu."

Mzee alikwisha kulitundika juu ya meza ya pasi, upande wa kulia.

"Liache," akasema. "Mama yako hajalinusa."