Risasi ya Tano

Namalwa alikuwa akichunga unga wa mahindi wakati kitu kizito kilipogonga ukingo wa chungio. Alidhani ni kokoto ya kinu. Alipokipangusa kwa kidole akaona shaba. Ilikuwa risasi nzima, ndefu kama kidole chake cha kati, nayo ilikuwa na joto, kama kitu kilichotolewa sasa hivi mfukoni mwa mtu.

Aliifukia tena kwenye unga, akatazama mlango.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari. Katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi chini ya reli ya Nakuru, hata watoto walijua sheria: Mwafrika akipatikana na risasi bila kibali, hata ikiwa moja tu, anakwenda kwenye kamba ya kunyongwa. Na mumewe, Makokha, alikuwa fundi wa mbao katika karakana ya bunduki. Nani angeuliza maswali mawili? Fundi aliyeshika meza ya Makokha kabla yake alichukuliwa na askari kwa maneno ya watu tu, na hakuna aliyemwona tena.

Makokha alipokuja kula saa saba, alimwonyesha unga kabla ya kumpa maji ya kunawa.

"Baba Kundu, hii umeleta wewe?"

Makokha alitazama bila kugusa. "Umeitoa wapi?"

"Hapo hapo kwa unga."

"Usinitanie."

"Mimi nimewahi kukutania na kitu kama hii?"

Alifunga mlango kwa mguu, akachuchumaa. Alisema polepole kwamba Bwana Tomlin, mwenye karakana, huhesabu risasi zake kila jioni na kuzifungia kwa kufuli mbili, na kwamba kwa Bwana Tomlin hakuna risasi ya namna hii.

"Hii ni ya vita vya Wajerumani," alinong'ona. "Ni ya bunduki ile."

Namalwa aliijua bunduki ile kwa kuisikia tu, kwa kuwa mumewe alikuwa ameisimulia wiki nzima kama mtu anayesimulia nyumba anayojenga. Mzungu mmoja wa Subukia alitaka bunduki nyepesi ya kumpa binti yake awinde kanga. Bwana Tomlin alikuwa ameichora kwenye karatasi ya kaki na kuipigilia ukutani. Mtambo, chuma kinachofunga risasi na kuifyatua, ungekuwa wa zamani, ule wa bunduki ya jeshi iliyookotwa Tanganyika. Mtutu wake mnene ungeng'olewa, uwekwe mwembamba, na kitako kikatwe kufuata mkono wa yule binti, ambao Makokha alikuwa ameupima kwa uzi. "Mtambo uliozoea risasi kubwa namna hiyo, sasa utafunga risasi ndogo kama njugu," alipenda kusema. "Hautachoka hata huyo msichana azeeke."

Sasa hakusema hivyo.

"Kuna kitu nilifanya," alisema. "Chini ya mtambo, pale mbao inapofunika, kulikuwa na maneno yamekwaruzwa kwa kisu. Bwana hutaka chuma king'ae kama kioo. Nikayapiga tupa mpaka yakafutika."

"Maneno gani?"

"Sikusoma. Lilikuwa kama jina la mtu."

Aliifunga risasi katika jani la mgomba, akaenda nayo chooni. Namalwa, akiwa mlangoni, alisikia ikianguka shimoni. Makokha alirudi, akala kidogo, akarudi kazini.

Jumatatu, jua likiwa utosini, wanaume wote wakiwa kazini na laini zimenyamaza, Namalwa alimtoa mtoto kitandani amnyonyeshe. Chini ya mgongo wa Kundu palikuwa na risasi. Ilikuwa na joto vilevile. Shuka lilinuka moshi, si wa kuni wala wa sigara, moshi mchungu wa kiberiti kilichowashwa ndani ya chumba kilichofungwa miaka mingi.

Hiyo nayo ilikwenda chooni. Siku ya tatu ilikuwa ndani ya kiatu cha Makokha cha kanisani. Siku ya nne Namalwa alikaa katikati ya chumba na mtoto mapajani, akaapa kutopepesa macho mpaka mchana upite, na ilipofika saa sita akasikia nyuma ya ukuta wa mabati mtu akipiga hatua tatu, akasimama, akageuka, akapiga hatua tatu, na kisha mlio wa chuma kikivutwa nyuma na kusukumwa mbele, taratibu, kama mtu anayejaribu kinywa kitupu cha bunduki, na alipoinamisha macho kwa mtoto akaona risasi ya nne imelala kwenye kiganja cha Kundu, na vidole vyake vidogo vimefungwa juu yake na mtu mwenye subira.

Bombani alimkuta jirani yake Sally, mke wa kuli wa reli.

"Mama Kundu, umekonda. Huyo mtoto anakunyonya au anakula wewe?"

Namalwa hakuwa mtu wa kusema mambo ya nyumbani kwake. Alijaza debe mpaka likamwagika. Kisha akauliza, akitazama maji, ni nani hapa mjini anajua mambo ya majini na mizimu.

Sally aliacha kucheka. "Nenda kwa Bibi Hawa, yule Mnubi anayesuka kawa za kufunikia chakula, nyuma ya soko. Mumewe alikuwa askari. Usimwambie pasta wangu kama ni mimi nilikutuma."

Bibi Hawa alimsikiliza bila kuacha kusuka. Ukindu mwekundu, ukindu mweusi. Namalwa alipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Hatua ni ngapi?"

"Tatu, halafu anageuka."

"Basi yuko lindoni." Bibi Hawa akaweka kawa chini. "Huyu si jini mwenye pembe, mwanangu. Huyu ni askari. Aliwekwa alinde bunduki yake mpaka aje wa kumbadilisha, na wa kumbadilisha hakuja. Akafa amesimama. Jina lake ndilo lililokuwa likimkumbusha kwamba aliwahi kuwa mtu wa nyumba fulani. Mumeo amelifuta. Sasa amebaki na kazi peke yake."

"Risasi analeta za nini?"

"Bunduki yake inashonwa mdomo mdogo. Anaona itakufa njaa. Analeta chakula chake."

"Si apeleke kwa Bwana?"

"Askari hupeleka kwa fundi wa silaha. Mumeo ndiye anaishika." Bibi Hawa aliinua vidole vitano. "Bunduki hiyo hubeba hizi. Zikitimia, sijui atataka kumpiga nani."

Namalwa aliuliza dawa.

"Dawa hakuna. Kuna neno. Mtu amwambie, 'Zamu yako imekwisha, naipokea.' Ataondoka papo hapo na kila kilicho chake. Lakini sikiza vizuri. Anayepokea zamu husimama mpaka apokelewe. Kwa hiyo lisitoke kinywani mwa mtu aliye hai. Siku ya Ijumaa niletee vumbi la chuma kutoka meza ya mumeo. Tutakwenda makaburini tumtafute askari mwenzake aliyelala, apokee yeye. Mpaka hapo funga mdomo."

Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi, saa sita mchana, malori mawili yalisimama kwenye vichwa vya laini. Askari walishuka pande zote mbili. Wanawake waliambiwa wasimame milangoni. Mmoja aliwekwa kando ya choo, asiende mtu.

Namalwa alikuwa amesimama mlangoni, Kundu mgongoni, aliposikia uzito katika mkono wake wa kulia. Hakuhitaji kutazama. Aliingia ndani akaitumbukiza kwenye unga na mkono ukatoka nayo, akaichomeka kwenye majani ya dari na mkono ukashuka nayo, akaisukuma chini ya godoro, ndani ya majivu, ndani ya debe la maji, na kila mara kiganja kikafunguka na risasi ya tano imo, yenye joto zaidi, huku nyuma ya ukuta hatua tatu zikienda na tatu zikirudi, na upande wa mbele viatu vya askari vikikaribia, mlango wa Sally, mlango uliofuata, mlango wake.

"Wewe. Toka nje. Mume wako anafanya kazi wapi?"

"Karakana, afande."

"Karakana ya nini?"

"Ya bunduki."

Askari alimwita mkubwa wake, kijana wa Kizungu mwenye uso uliobabuka kwa jua. Walimtazama mkono.

"Umeshika nini hapo? Fungua."

Alimwona Makokha moyoni mwake. Hakuwaza Ijumaa, hakuwaza makaburi. Alimwona Makokha na shingo yake ndefu, akinawa mikono, akisubiri chakula. Akainamisha kichwa kama mtu mwenye haya, ambavyo ndivyo alivyokuwa siku zote, na akasema kwa sauti ya chini, "Zamu yako imekwisha. Naipokea."

Nyuma ya ukuta hatua zilikoma. Kitu kilipumua, pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo.

Alifungua mkono. Palikuwa na unga tu.

"Mbona unanong'ona?" askari aliuliza.

"Naogopa, afande."

Waliipekua nyumba, wakamwaga unga, wakaenda.

Namalwa alimwambia Makokha tu kwamba risasi zimeacha kuja. Mumewe alicheka kwa furaha, akamrusha Kundu juu, na wiki mbili zilizofuata aliipiga bunduki yake msasa na mafuta ya kitani mpaka kitako kikawa kama asali. Namalwa hakumwambia kwamba nyayo zilikuwa zikimuuma. Wala kwamba kila saa sita alijikuta amesimama uani, uso umeelekea karakana, ugali ukiungua nyuma yake. Ijumaa mbili zilipita, naye hakwenda kwa Bibi Hawa, kwa sababu alijua atakachoambiwa.

Jumatatu Makokha alikuja kula akipiga mluzi.

"Mama Kundu, yule Mzungu amekuja na gari lake. Ameilaza bunduki kiti cha nyuma kama mtoto. Saa hizi wamepita Bahati, wanaenda Subukia."

Namalwa aliweka mwiko chini. Miguu yake ilikuwa imeshainuka kuifuata bunduki.

"Unaenda wapi? Chakula?"

Alitaka kumwambia amshike. Alitaka kugeuka, kwa kuwa Kundu alikuwa ameanza kulia kitandani, kilio cha njaa, na maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake kifuani. Lakini mgongo ulinyooka, mikono ikakaa begani kushika kitu ambacho hakipo, na hatua zikashika njia ya Bahati, sawasawa, bila haraka, hatua za mtu aliyeambiwa umbali na hakuambiwa lini atarudi.

Sally alimkimbilia bombani, akamshika kanga.

"Mama Kundu, mtoto analia. Humsikii?"

Alimsikia. Alifungua kinywa aseme hivyo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mchovu aliye lindoni.

"Simama hapo hapo. Nani wewe?"