Grisi Nyekundu kwenye Pikapu ya Lavonne

Maiti ya Lavonne Aasen ilikutwa ndani ya pikapu yake, mtaroni, si mbali na lango la shamba lake. Mkanda bado ulikuwa umemkaa kifuani. Dereva wa lori la alizeti ndiye aliyeiona asubuhi, akapiga simu kwa sherifu, kisha akakaa kando ya barabara kumlinda mama wa watu asibaki peke yake.

Inspekta Marlys Brekke alipiga magoti kwenye changarawe. Upepo wa Novemba ulikuwa unakata masikio. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limejikunja likalala chini ya gari.

"Boljointi imechomoka," alisema. "Tufe limetoka kwenye kikombe chake. Tairi halikuwa na kitu cha kulishika."

Sherifu Moen alitema mate upande wa upepo. Mtu wa haraka sana yule, hata sala ya chakula huimaliza kabla wenzake hawajafumba macho.

"Spea zisizo orijino," alisema. "Dwight Kranz ndiye aliyezifunga, mji mzima unajua. Mlete."

"Sijamaliza kuangalia."

"Marlys, mjane amekufa barabarani. Nataka mtu ndani leo."

Brekke alikuwa anautazama mpira unaofunika boljointi, ule mfuko mdogo unaozuia maji na vumbi visiingie. Ulikuwa umechanika. Boljointi yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu na mchanga. Pembeni, kwenye chuma chote, ilikuwa imetapakaa grisi nyekundu.

Dwight Kranz aliletwa kituoni akiwa bado amevaa ovaroli. Fundi wa makamo, mnene, mpole.

"Ulifunga boljointi za Lavonne?"

"Nilifunga."

"Orijino?"

"Hapana. Za kampuni nyingine. Alizitaka mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Orijino zimezibwa kiwandani, hazina nipeli ya kutilia grisi. Yeye alitaka zenye nipeli. Unawajua watu wa huku, kitu kisichotiwa grisi hawakiamini."

"Mipira ilidumu?"

"Ilidumu wapi! Kiangazi hakijaisha akarudi, imepasuka. Nikabadilisha bure. Nikamwambia, Lavonne, acha nikurudishie orijino kwa gharama yangu, nilale usingizi. Akakataa katakata."

"Akasema nini?"

"Alicheka tu. 'Wewe weka zenye nipeli, Dwight, mengine niachie mimi.' Haki ya Mungu ndivyo alivyosema."

"Nani alikuwa anatia grisi?"

"Sijui. Nilimwambia bomba la grisi lisukumwe kidogo tu, tena mara chache kwa mwaka. Mpira ule hauna pa kupumulia. Ukiujaza unavimba, unapasuka."

"Wewe unatumia grisi ya rangi gani?"

"Nyeusi. Siku zote."

Brekke aliacha kuandika. Dwight aliinama mbele.

"Marlys, nina watoto watatu. Mkinishtaki kwa kuua bila kukusudia, hata nikishinda, nani ataniletea gari tena? Nitafungasha virago nihame."

"Kaa hapa kwanza," Brekke alisema. "Usiseme neno na mtu."

Mtaalamu wa maabara ya uchunguzi alimpigia mchana. Mpira haukukatwa kwa kisu wala haukuliwa na jua. Ulipasuka kutoka ndani kwenda nje, kwa shinikizo. Chini kabisa kulikuwa na mabaki ya grisi nyeusi, na juu yake nyekundu, tabaka juu ya tabaka. Aliyeitia alikuwa akiitia kila mara, na aliendelea kuitia hata baada ya mpira kupasuka.

Mtu gani anasukumia grisi kwenye mpira uliokwisha pasuka?

Brekke alikwenda nyumbani kwa marehemu. Huku kwetu nyumba hazifungwi, akaingia tu kwa mlango wa jikoni. Kulikuwa safi, kimya, kunanuka kahawa ya jana. Mume wa Lavonne alikufa miaka mingi iliyopita, na binti yao yuko Arizona, hupiga simu Krismasi. Hata hivyo kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na vikombe viwili. Kando ya sinki, kwenye msumari wake peke yake, kilining'inia kitaulo cha kijivu chenye alama za vidole vinene. Alama nyekundu.

Brekke alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kwake yeye kulikuwa na kikombe kimoja. Alijionea huruma, kisha akajikemea, akatoka.

Jirani wa karibu alikuwa Arvid Stene, kapera mzee aliyelima ng'ambo ya barabara maisha yake yote. Lango lake lilifunguka bila kulia hata kidogo. Brekke alipitisha kidole kwenye bawaba. Grisi nyekundu.

Arvid alikuwa amesimama uani, kofia mkononi.

"Gari yako inalia, binti," alisema. "Mbele kushoto. Nimeisikia tangu barabarani. Acha nilete bomba, dakika moja tu."

"Acha, mzee. Nimekuja kuhusu Lavonne."

"Najua. Basi ingia, kahawa ipo."

Waliketi jikoni. Mezani kulikuwa na kiti kimoja tu, Arvid akajiketisha juu ya ndoo. Alimimina kahawa ikafurika hadi kwenye sahani. Hakuigusa yake.

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi."

"Ulifuata nini?"

"Kutia grisi pikapu."

"Ulikuwa unaitia kila baada ya muda gani?"

"Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Zote."

Brekke aliweka kikombe chini. "Mzee Arvid, umeshika matrekta tangu utotoni. Ulijua boljointi haihitaji grisi kila wiki."

"Nilijua."

"Sasa?"

Mzee alitazama mikono yake. Huku kwetu mwanamume haendi kugonga mlango wa mjane bila kazi. Ataonekanaje? Atasema nini mlangoni? Huenda na nyundo, na msumeno, na ndoo ya viazi, na kitu chochote kinachomwonyesha kuwa hakuja kwa sababu ya kuja. Ndivyo tulivyolelewa, na wengi wetu tutakufa hivyo.

"Baada ya mumewe kufa nilimtengenezea uzio," Arvid alisema. "Halafu ghala. Halafu paa. Nilikuwa nikimaliza ananipa kahawa na kipande cha keki. Tunazungumza, mvua, bei ya ngano, mambo hayo. Halafu vitu vya kutengeneza vikaisha."

"Ukamwambia abadilishe boljointi."

"Nilimwambia za nipeli ndizo nzuri, ili nami nipate cha kufanya kila wiki. Nikawa naenda, nasukuma bomba kidogo, nanawa mikono, nakaa. Saa nzima wakati mwingine. Wiki nzima ilikuwa kungoja saa hiyo, binti. Si uongo."

"Mpira wa kwanza ulipopasuka ulijua ni wewe?"

"Nilijua."

"Na wa pili?"

"Ulipasuka mwezi wa tisa. Niliuona."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, Dwight angemrudishia zile zilizozibwa. Ningekwenda kufanya nini pale? Nikadhani nikizidisha grisi itasukuma maji na mchanga nje. Nikawa nazidisha."

"Jumamosi iliyopita. Ulilala chini ya gari?"

"Nililala."

"Ulilitikisa tairi?"

Arvid alifumba macho. "Lilicheza. Lilicheza sana. Nikasema nitamwambia nikishanawa. Nikaingia. Alikuwa amekaanga lefse, zile chapati nyembamba za viazi, ametia siagi na sukari. Alikuwa anacheka, sikumbuki nini. Nikasema acha nimalize kahawa kwanza. Halafu nikasema wiki ijayo."

Nje upepo ulikuwa unapiga ukuta wa ghala.

"Nimemuua Lavonne," Arvid alisema. "Andika hivyo. Usimsumbue Dwight, hana kosa."

Brekke aliinuka, akapiga simu kituoni. "Mwachie Dwight Kranz," alimwambia sherifu. "Ndiyo, sasa hivi. Mwambie aende akale na wanawe." Kisha akamsomea mzee haki zake, taratibu, naye akaitikia kila moja kwa kichwa.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kunyamaza. Alijua kwamba neno lililobaki lingemchoma mzee kuliko kifungo, na alijua pia kwamba hana haki ya kulificha, maana lilikuwa la Lavonne.

"Mzee Arvid. Mipira ya kwanza ilipopasuka, Dwight alitaka kumrudishia orijino. Bure kabisa."

"Akasemaje?"

"Alikataa. Alitaka zenye nipeli. Dwight alimbembeleza, yeye akacheka tu, akasema mengine aachiwe."

Mzee hakuelewa. Alimwangalia Brekke, akaangalia sahani ya kahawa, akamwangalia tena. Polepole sana uso wake ukaanza kubadilika, na Brekke akatamani asingekuwepo kuuona.

"Alijua?" aliuliza.

"Hakujua kwamba mpira wa pili umepasuka, nadhani. Ila alijua vizuri kwamba boljointi haitiwi grisi kila Jumamosi. Alikuwa mke wa mkulima."

Arvid aliinuka kwenye ndoo. Alikwenda hadi mlangoni, pale bomba la grisi lilipokuwa limesimamishwa ukutani, akaligusa mpini.

"Kwa hiyo ningekwenda tu," alisema. "Mikono mitupu."

"Ndiyo, mzee."

"Na angenifungulia?"

"Alikuwa na kitaulo chako kwenye msumari, Arvid. Angekufungulia."

Mzee aligeukia sinki, akafungua maji, akaanza kunawa. Alinawa mikono kwa muda mrefu, mpaka kwenye viwiko, kama alivyozoea kufanya kila Jumamosi kabla ya kukaribishwa kiti. Brekke alikaa na pingu mapajani, akamngoja amalize.